Jengo la ofisi likipendekezwa mtaani: maji, majitaka na haki ya mkazi kusikizwa

Kitu cha kwanza kuonekana huwa ni ubao wa tangazo. Hupachikwa kwenye ua wa kiwanja, mara nyingi mahali palipokuwa na nyumba moja ya zamani yenye mwembe na kisima, ukieleza kwamba mwenye kiwanja anaomba ruhusa ya kujenga ofisi za ghorofa kadhaa. Wakazi wa Tudor, Kizingo, Ganjoni na sehemu za Nyali, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya makazi, wanayajua matangazo ya aina hiyo. Wengine husimama wakasoma. Wengi hupita tu, wakidhani jambo limekwisha kuamuliwa.

Halijaamuliwa. Na maswali ambayo wakazi huulizana barazani baada ya kuuona ubao ndiyo maswali ambayo sheria inataka yaulizwe rasmi: maji ya jengo hilo yatatoka wapi? Majitaka yake yataenda wapi? Masika ikifika, mvua itakayomwagika kutoka paa lile itaingia uani kwa nani? Makala haya yanaeleza kwa nini maswali hayo ni mazito zaidi hapa Mombasa kuliko katika miji mingine mingi, ombi la ujenzi hupitia wapi, na mkazi anaweza kuingilia wakati gani.

Mwamba wenye matundu

Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa, hasa upande unaotazama bahari kuu, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una nyufa na matundu. Maji ya mvua huuingia kwa haraka, na hilo ndilo lililowawezesha wenyeji tangu zamani kuchimba visima majumbani na misikitini na kupata maji ya kutawadhia, kufulia na, zamani zile, hata ya kunywa. Lakini njia inayopitisha mvua ndiyo hiyo hiyo inayopitisha uchafu. Mchanga mzuri huyachuja majitaka polepole. Mwamba wenye nyufa hauyachuji, huyasafirisha tu.

Jambo hili lina maana kubwa kwa sababu sehemu ndogo tu ya kaunti imeunganishwa na mabomba ya majitaka. Bara magharibi kuna mtambo wa Kipevu, na kisiwani kuna mabomba yanayoishia Kizingo. Nyumba na majengo mengi yaliyobaki hutegemea tangi la chini ya ardhi na shimo la kufyonzea maji. Mpango huo ulivumilika nyumba zilipokuwa chache na viwanja vikubwa.

Chukua mfano wa kukadiria. Nyumba ya watu sita, hata kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, hutoa lita 600. Ibomolewe, na mahali pake pajengwe ofisi za watu 600, kila mmoja akitumia lita 25 tu za kunawa, kwenda msalani na kuosha vikombe. Hizo ni lita 15,000 kila siku ya kazi, mara 25 ya zile za mwanzo, kutoka kiwanja kile kile na kuingia kwenye mwamba ule ule. Lori la kunyonya majitaka lenye tangi la lita 10,000 lingelazimika kufika mara tatu kila baada ya siku mbili. Hapo wageni wa ofisi, mkahawa wa ghorofa ya chini na usafi wa sakafu havijahesabiwa.

Kwa hivyo mkazi anayesoma ripoti ya mradi wa namna hii afungue kwanza ukurasa wa majitaka. Majibu yanayowezekana ni machache. Mradi ukisema utaunganishwa na bomba la majitaka, iwepo barua ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Mombasa inayothibitisha kwamba bomba lipo karibu na lina nafasi. Ukisema utajenga mtambo wake wa kusafisha majitaka, ripoti ieleze mtambo utakaa wapi, harufu itazuiwaje, umeme ukikatika itakuwaje, na maji yaliyosafishwa yatamwagwa wapi. Kumwaga maji hayo kwenye mazingira kunahitaji leseni yake peke yake, kwa mujibu wa kanuni za ubora wa maji. Mtambo wa aina hii haufanyi kazi kwa kununuliwa tu. Bila fundi wa kuuhudumia na bajeti ya kila mwezi, hugeuka pambo la uani, na majitaka hurudia njia yake ya zamani. Ukisema utatumia tangi lililofungwa na kunyonywa na lori, swali linalofuata ni lori litamwaga wapi.

Jibu la nne, ambalo ni shimo la kufyonzea, ndilo rahisi kuliko yote kwa mjenzi. Ndilo pia linalomgharimu jirani mwenye kisima.

Chumvi haipandi kwa kelele

Vyanzo vikuu vya maji ya mfereji ya Mombasa viko nje ya kaunti: Mzima iliyoko Taita Taveta, Baricho iliyoko Kilifi, Marere na Tiwi zilizoko Kwale. Kila mkazi anayesubiri zamu ya mgao au anayenunua mitungi kwenye mkokoteni anajua kwamba maji hayo hayatoshi. Mwenye jengo kubwa hujua pia. Ndiyo maana mipango mingi ya majengo ya ofisi huwa na kisima kirefu cha mashine.

Hapa kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Chini ya kisiwa, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji ya ardhini hukadiria kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka mtu aigeuze. Pampu ikishusha kina cha maji kisimani kwa sentimita 10 na kukiweka hapo, mpaka wa maji ya chumvi huweza kupanda kutoka chini kwa takriban mita 4. Haupandi siku hiyo hiyo, wala haupigi hodi. Jirani hugundua baada ya miezi, chai inapoanza kuwa na ladha ya magadi na sabuni inapokataa kutoa povu. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi, hata pampu ikizimwa.

Kuchimba kisima cha namna hiyo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Mkazi anaweza kuuliza kama kibali kimeombwa, ni lita ngapi kwa siku zitakazovutwa, na kama visima vya jirani vimehesabiwa na maji yake kupimwa kabla ya kazi kuanza. Kipimo hicho cha mwanzo ni muhimu sana. Bila hicho, mwenye kisima kilichoharibika atabaki na maneno tu. Majirani wanaoweza kuchangishana wakapime maji yao mapema na kuitunza karatasi ya matokeo, wakiwa na ombi la ujenzi mbele yao au hawana.

Maegesho ya chini ya ardhi yanaleta tatizo kama hilo kwa njia nyingine. Shimo likichimbwa chini ya kina cha maji, mwanakandarasi atalazimika kuyavuta maji mchana na usiku mpaka zege ikauke. Wiki kadhaa za kuvuta maji kwenye kiwanja kilicho karibu na bahari zinatosha kuvuta chumvi. Na maji yanayotolewa shimoni lazima yaelekezwe mahali, ambapo mara nyingi ni mtaro wa barabara.

Mitaro hiyo tayari ina kazi yake. Paa na ua wenye jumla ya mita 1,000 za mraba, mvua ya milimita 50 ikinyesha, hukusanya lita 50,000. Kiwanja kilipokuwa na bustani, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini na kukijaza kisima. Kikishafunikwa kwa zege na kabro zilizoshikizwa kwa saruji, maji yote hukimbilia barabarani kwa wakati mmoja. Waliokuwa Mombasa mvua za Novemba 2023 hawahitaji kuelezwa mtaro uliojaa unafananaje. Kuna dawa inayojulikana: tangi la kuvuna maji ya paa, ambalo pia hupunguza haja ya kisima, na sehemu ya kiwanja kuachwa wazi bila zege. Ni haki ya wakazi kudai kwamba dawa hiyo iandikwe kama sharti la kibali. Ahadi ya mdomo katika mkutano haimfungi mtu.

Vumbi, kelele na upepo

Athari za wakati wa ujenzi ndizo zinazolalamikiwa zaidi, kwa kuwa ndizo zinazosikika. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zimeweka kiwango cha juu kabisa cha kelele za eneo la ujenzi lililo karibu na makazi, shule au hospitali: desibeli 60 mchana na 35 usiku. Mchana katika kanuni hizo huisha saa kumi na mbili jioni. Nyundo ya mashine inayovunja mwamba saa tatu usiku inavunja pia sheria, na mkazi hahitaji kusubiri mradi umalizike ndipo alalamike. Udhibiti wa kelele na wa uchafuzi wa hewa ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imeyapa kaunti.

Jambo lisilotajwa sana ni nyumba inayobomolewa. Baadhi ya nyumba za zamani zimeezekwa kwa asbesto. Bati la asbesto lililotulia paani halina hatari kubwa. Likivunjwa kwa nyundo, nyuzi zake huruka na kuingia mapafuni, na madhara yake, ikiwemo saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Asbesto ni taka hatari kisheria. Huondolewa na watu waliopewa leseni, kwa kuloweshwa na kufungwa, na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Mkazi akiona mabati hayo yakitupwa chini kutoka juu na vijana wasio na barakoa, apige ripoti siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake ushahidi utakuwa umeshapakiwa kwenye lori.

Lori lenyewe linafaa kufuatwa kwa swali. Shimo la ghorofa ya chini hutoa vifusi vingi, na safari ya kwenda kuvitupa kihalali ni ndefu na ina gharama. Kishawishi ni kuvimwaga ukingoni mwa Mkondo wa Tudor, juu ya mikoko. Ripoti nzuri ya mazingira hutaja vifusi vitaenda wapi, na nani amekubali kuvipokea.

Kuhusu upepo, wenyeji wa pwani walijenga wakiujua. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kaskazi huja kuanzia mwishoni mwa mwaka, na nyumba za mitaa ya zamani zilipata nafuu ya joto kwa kupitisha pepo hizo. Jengo refu lililojengwa hadi ukingo wa kiwanja huzikata. Likiwa limevikwa vioo, hurudisha jua kwa jirani, na viyoyozi vyake humwaga joto upande wa pili wa ua. Februari na Machi jirani huyo atafunga madirisha na kununua kiyoyozi chake, kama anao uwezo. Umbali kati ya jengo na mpaka, urefu wake, na miti itakayobaki ni mambo ya ramani, na ramani hubadilishwa kwa urahisi kabla ya kupitishwa kuliko baada.

Msongamano wa magari kila mtu anaujua. Mwenye mradi aonyeshe idadi ya maegesho na mahali magari yatakapoingilia na kutokea.

Milango miwili

Kinachowachanganya wengi ni kwamba jengo moja hupitia milango miwili tofauti, na pingamizi lililopelekwa mlango mmoja halifiki mlango wa pili lenyewe.

Mlango wa kwanza ni wa Serikali ya Kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, hakuna anayeruhusiwa kuanza ujenzi bila ruhusa ya kaunti, na anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika wenye pingamizi waliwasilishe kwa waziri wa kaunti anayehusika. Huo ndio ubao ule wa uani.

Kiwanja kikiwa cha makazi, kabla ya ombi la ofisi kuna ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa biashara. Hapa ndipo wakazi wengi hupitwa. Tangazo la kubadilisha matumizi halina picha ya jengo wala idadi ya ghorofa, kwa hivyo halishtui mtu. Muda wa kutoa maoni huwa mfupi, mara nyingi siku 14 zinazotajwa kwenye tangazo lenyewe. Ombi likipita bila neno, swali la kama ofisi inafaa mtaani hapo huwa limejibiwa nusu, na kinachobaki kujadiliwa baadaye ni ukubwa wake. Anayejali mtaa wake asome tangazo hilo la kwanza lisilo na picha.

Sheria hiyo pia imeweka saa kwa upande wa kaunti: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Pingamizi linalokaa mfukoni likisubiri mkutano wa mtaa linaweza kufika wakati hakuna tena cha kupinga.

Mlango wa pili ni wa NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo ni ya serikali kuu na ina ofisi katika kaunti. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi iliyoorodheshwa kwenye Jedwali lake la Pili ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni kabla ya kuanza. Tangu mwaka 2019 miradi hiyo imegawanywa katika makundi ya hatari ndogo, ya wastani na kubwa. Mradi wa hatari kubwa hufanyiwa uchunguzi kamili; ulio chini ya hapo huweza kuishia kwenye ripoti fupi. Si kila jengo la ofisi, basi, litakalofanyiwa uchunguzi kamili. Wakazi wanaoamini kwamba mahali pa mradi, kwa mfano karibu na visima vingi au ukingoni mwa mikoko, panaufanya uwe wa hatari zaidi kuliko unavyoonekana kwenye karatasi, wanaweza kuiandikia NEMA wakieleza sababu na kuomba uchunguzi kamili.

Uchunguzi kamili ukifanywa, kanuni za mwaka 2003 zilieleza umma ushirikishwe vipi: mabango mahali pa wazi karibu na mradi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio katika lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, ikitangazwa mapema na kufanywa wakati na mahali panapowafaa. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi, kwenye hoteli iliyo mbali na mtaa, unaweza kuhojiwa. Vivyo hivyo karatasi ya mahudhurio inayopitishwa bila kueleza kwamba itaambatanishwa na ripoti kama ushahidi kwamba wakazi walishirikishwa. Anayetia saini aandike pembeni kama anaunga mkono, anapinga, au alihudhuria tu.

Upo udhaifu ambao ni vizuri usemwe wazi. Mtaalamu anayeandika ripoti amesajiliwa na NEMA, lakini anayemlipa ni mwenye mradi. Hilo halimfanyi mwongo. Linamaanisha kwamba mtu wa mwisho kuyaona makosa ya ripoti kabla ya leseni kutolewa huenda akawa jirani anayeufahamu mtaa. Ripoti ikisema hakuna visima karibu ilhali kila nyumba ina kisima, au ikitaja mto mahali pasipo na mto, hayo yaandikwe. Ripoti inayokosea mambo yanayoonekana kwa macho inastahili kutiliwa shaka katika yale yasiyoonekana.

Anayetaka kuiona ripoti au nyaraka za ombi na kuzungushwa ofisini anaweza kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa, si lazima mtu aeleze anazitakia nini habari hizo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu.

Barua inayosomwa

Pingamizi linalosema “hatutaki ofisi hapa” linapokelewa, lakini halimpi afisa kitu cha kushika. Linalosema kwamba kuna visima 14 ndani ya hatua mia moja, kwamba mtaro wa mbele hujaa kila masika na picha hizi hapa zenye tarehe, kwamba ripoti haikutaja majitaka yatamwagwa wapi, hilo linamlazimisha mwombaji kujibu. Barua iwe na jina la mwandishi, mahali anapoishi, nambari ya kiwanja kama ilivyo kwenye tangazo, na kile anachoomba: mradi ukataliwe, upunguzwe, au ukubaliwe kwa masharti yaliyotajwa. Nakala mbili zipelekwe, moja kaunti na nyingine NEMA, na kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Jamhuri.

Wapo pia wakazi wanaoutaka mradi, na sauti zao zina uzito sawa. Ofisi huleta kazi za ulinzi, usafi na ufundi, wateja wa mama lishe na wa tuktuk, na mapato kwa kaunti. Kwa kuwa kaunti hukusanya ada na kodi kutokana na majengo, ni vyema kwamba leseni ya mazingira inakaa mikononi mwa mamlaka nyingine. Mara nyingi kinachoamuliwa mwishoni huwa ni masharti: ghorofa mbili zipunguzwe, mtambo wa majitaka ujengwe kabla ya ofisi kufunguliwa, kisima kisichimbwe, miti ya mpakani ibaki.

Uamuzi ukitoka na mkazi asiridhike, milango ya rufaa nayo ni miwili. Uamuzi wa kaunti hukatiwa rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi ya Kaunti ndani ya siku 14, na baada ya hapo katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hukatiwa rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ya mazingira safi ikiwa hatarini, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia.

Njia hizo hutumika. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, baada ya wakazi kukata rufaa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ulikuwa mradi wa kampuni binafsi ulioungwa mkono na serikali kuu, wenye fedha nyingi kuliko jengo lolote la ofisi. Hapa hapa Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliodhurika kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020. Rufaa ziliendelea mpaka Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake Desemba 2024 kwa upande wao. Kesi hizo mbili zinatofautiana kwa jambo moja: watu wa Lamu walikwenda kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na wale wa Owino Uhuru walikwenda watoto wakiwa wameshaugua.

Jengo likishakamilika, masharti ya leseni hayaishi. Mwenye jengo hutakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira na kuwasilisha ripoti NEMA, na mkazi anaweza kuomba kuziona ripoti hizo. Malalamiko kuhusu majitaka yanayovuja, jenereta inayonguruma usiku au vifusi vilivyotupwa mkondoni hupokelewa katika ofisi ya wadi, katika idara ya mazingira ya kaunti na katika ofisi ya NEMA ya kaunti. Mlalamishi aeleze mahali, tarehe na saa, aambatanishe picha kama anayo, na aombe nambari ya kumbukumbu ya lalamiko lake kabla ya kuondoka.